Kisufuria Kisichooshwa

Jumamosi, 4 Januari

Masufuria kumi na tisa leo. Nimeyahesabu wakati wa kuyapanga. Matatu makubwa yalikuwa na wali ulioganda chini. Hayo ndiyo huniua.

Kiuno kinauma pale pale. Miaka miwili nilibeba majani ya mifugo shambani Al Kamil, hapa hapa Oman, nikidhani kuosha vyombo ni kupumzika. Shamba linauma mabega. Karo la vyombo linauma kiuno. Hiyo ndiyo tofauti.

Ninaandika mchana, mkahawa umefungwa mpaka saa kumi na mji wote wa Ibra umelala. Skuli niliishia darasa la sita, kwetu Konde, Pemba. Mwalimu alisema mwandiko wangu mzuri. Basi nautumia.

Jikoni tuko watatu. Mpishi ni Mpakistani wa Lahore, miaka sitini na kitu, ndevu nyekundu kwa hina. Wote tunamwita Chacha, kwao maana yake ami. Gul anachoma mikate kwenye tanuri. Naye Mpakistani, lakini wa milimani, na mdomo wake haufungi. Mimi naosha. Tunasemezana Kiarabu cha dukani na Kiurdu nilichookota kwa miezi mitatu. Kinatosha.

Jengo na leseni ni vya Mzee Seif, Mwomani aliyezaliwa Tabora. Anakaa ghorofani na mkewe, Bi Salma. Kila siku hushuka kunywa chai na kusema Kiswahili na mimi. Leo kaniuliza kama Pemba mvua zimenyesha. Sijui. Nimemwambia zimenyesha.

Jumatatu, 6 Januari

Chacha kachora mtaa wao kwa unga juu ya meza. Hufanya hivyo akiwa na furaha, kisha anakanda chapati juu yake.

Mtaa uko ndani ya ukuta wa zamani wa Lahore, ukuta wenye malango kumi na matatu. Mwembamba. Kila mlango unauza kitu kimoja tu, hakuna mwenye kuuza viwili. Huyu maziwa, kwenye karai la chuma pana kama kitanda. Huyu mikate. Huyu halua na puri, mikate myembamba inayofura kwenye mafuta. Kinyozi mwenye kinanda cha mkono. Vijana wa mieleka wanaokunywa lozi zilizosagwa. Wanawake ghorofani wanateremsha kikapu kwa kamba, ndani chungu chao, na muuzaji anajaza chungu, hajui hata uso wa mnunuzi. Msimu wa vishada watu wote wako mapaani, na chakula kinapanda kwa kamba.

Baba yake alikuwa mlango wa nihari. Nihari ni mchuzi mzito wa nyama ya miguu ya ng'ombe na mifupa yenye uboho, unapikwa usiku kucha, unaliwa alfajiri baada ya sala. Ikifika saa tatu sufuria tupu. Aliyechelewa arudi kesho. Na aliyetaka kuongezwa uboho alisimama akatoa beti mbili za shairi mbele ya foleni nzima. Asiyejua shairi alikula mchuzi mtupu.

Nilimuuliza, hata bubu? Chacha akasema bubu alipewa bure, ndiyo maana mtaa ule bubu walikuwa wengi.

Habari kubwa: Mzee Seif kapata ruhusa ya baladia, yaani halmashauri ya mji. Ijumaa ya tarehe 17, kuanzia alfajiri mpaka saa nne, kichochoro cha ubavuni kwetu kitakuwa mtaa wa Chacha. Meza hapa, meza pale. Kila meza kitu kimoja.

Chacha kaniuliza kitu changu mimi ni nini. Nikamwambia mimi naosha.

Jumatano, 8 Januari

Soko la wanawake leo. Ibra nzima imejaa. Tumeuza mpaka dengu zikaisha. Masufuria ishirini na sita. Sina la kuandika. Naumwa.

Ijumaa, 10 Januari

Siku ya nihari. Chacha huipika Ijumaa tu. Watu walisimama nje na makoti, baridi ya kweli, moshi unatoka midomoni. Mzee Seif alikula bakuli mbili akasema daktari asiambiwe. Huyo daktari ni mwanawe.

Nilikula yangu nimesimama. Nakiri, ni chakula. Mchuzi unashika midomo ikagandana. Nikamkumbuka mama, maana na yeye hupika vitu viendavyo polepole. Lakini mama akimaliza, chungu kinaoshwa saa ile ile. Alitufundisha hivyo kwa kofi.

Chacha ana furaha mno wiki hii, mpaka kaimba. Sauti mbaya. Kesho anakwenda Maskati kununua viungo vya siku ya mtaa.

Jumamosi, 11 Januari

Chacha Maskati. Watu wa baladia watapita siku hizi kukagua, basi Gul akaniambia nisafishe friza yote. Nikatoa kila kitu.

Nyuma kabisa, kwenye barafu, kulikuwa na kisufuria cha shaba, cheusi kwa masizi, mdomo umefungwa kitambaa. Ndani mafuta yameganda na mchuzi wa kahawia, vijiko vichache tu. Makombo ya lini, sijui. Nikasema hivi ndivyo watu wanavyofungiwa duka. Nikamwaga. Nikakisugua kwa mchanga na ndimu saa nzima, ndani na nje, mpaka nikajiona uso wangu.

Kazi nzuri kuliko zote nilizofanya hapa. Nimekifunika rafuni, juu, pamoja na vingine. Chacha atafurahi.

Jumapili, 12 Januari

Nimekwisha.

Chacha karudi adhuhuri na magunia ya viungo. Akaketi na Mzee Seif kaunta, mimi napangusa meza ya pili. Akamweleza kuhusu nihari ya Ijumaa. Alisema kila sufuria ya nihari huanzishwa na sufuria iliyotangulia. Yale masalio ya mwisho, vijiko viwili vitatu, hayaliwi. Yanawekwa, yanatiwa kwenye sufuria mpya. Anayaita mbegu. Mbegu yake ilitoka kwenye sufuria ya baba yake, na baba aliipata kwa babu. Alipokuja Oman, miaka ishirini na mbili nyuma, baba alimfungia mbegu kwenye kisufuria cha shaba, akakivingirisha ndani ya shuka za safari. Nayo imepita Nizwa, imepita Tanuf, imefika hapa. Haijakatika hata mara moja.

Kisha akasema baba alikwisha kufa, na mlango wao sasa unauza vifuniko vya simu. Jiko limebomolewa. Kilichobaki ni kile kisufuria.

Mzee Seif alikuwa analengwa na machozi. Mimi nilikuwa napangusa meza ile ile, sijui kwa mara ya ngapi.

Kumbe kila Alhamisi alfajiri Chacha huitoa mbegu friza mwenyewe kabla sisi hatujaamka. Hakuna aliyeniambia. Na mimi sikuuliza mtu.

Haya ndiyo niliyoyafanya baadaye, nayaandika kama yalivyo. Chacha alipokwenda kusali alasiri, nilikishusha kisufuria. Nikakipaka masizi ya jiko. Nikatia ndani mchuzi wa ng'ombe wa mchana, nikafunga kitambaa, nikakirudisha ndani ya friza, nyuma kabisa.

Naona haya kuandika.

Jumatatu, 13 Januari

Chacha kachora tena mtaa. Safari hii ule wa hapa kwetu, kwenye kichochoro. Meza ya Gul, meza ya chai, meza ya halua. Anacheka peke yake.

Nikinyamaza huenda asijue. Mchuzi ni mchuzi. Ng'ombe ni ng'ombe. Mwaka mzima angepika, watu wangesifu, yeye angemsimulia kila mgeni habari za babu yake, na ndani mwake mna mchuzi wa Jumapili. Hilo ndilo linalonitesa. Angedanganywa vizuri kabisa.

Nikisema, nitafukuzwa. Kibali changu cha kazi ni cha hapa. Asha, mke wangu, ameanza kujenga choo cha matofali.

Sikula.

Jumanne, 14 Januari

Nimesema.

Asubuhi Chacha alinishika mkono akanipeleka kichochoroni. Kaweka meza ndogo mwisho, pembeni ya ngazi za Mzee Seif. Akasema meza hii ni yangu. Katika mtaa hakuna mtu wa kuosha tu, kila mtu ana mlango wake. Nichague kitu kimoja cha kwetu.

Basi nikashindwa. Nikamwambia pale pale, kwa Kiarabu changu kibovu, mpaka mwisho, na masizi, na mchuzi wa Jumapili. Ilibidi nirudie mara mbili kwa sababu mara ya kwanza alidhani naeleza ndoto.

Hakunipiga. Hakupaza sauti. Alikwenda friza, akafungua kitambaa, akanusa. Akamwaga. Akakiosha yeye mwenyewe, polepole, akakigeuza juu ya rafu. Kisha akakaa kwenye gunia la vitunguu.

Akasema, "Ijumaa tutauza chai."

Ni hayo tu. Heri angenipiga.

Jumatano, 15 Januari

Chacha hasemi. Anapika, anaonja, anatia chumvi, kimya. Unga mezani ni unga tu.

Gul alinisubiri kwenye karo. Akaniambia yeye ameishi na watu wa kila aina, lakini mtu wa kuosha urithi wa watu kwa ndimu hajapata kumwona. Aliuliza kama na kaburi la babu yake nataka kulisugua. Nilicheka, nikataka kulia. Gul naye, naona, ana moyo. Baadaye alisogea akanong'ona.

Kuna mtu anaitwa Javed. Wa Lahore, mtaa ule ule. Alikuwa msaidizi wa Chacha hapa miaka sita nyuma. Alipotaka kufungua mkahawa wake Sinaw alimwomba Chacha mbegu, Chacha akakataa. Mbegu huenda kwa mtoto wa kuzaa, na Chacha hana, lakini alikataa hivyo hivyo. Javed akachota kijiko kimoja akaondoka nacho. Chacha alipojua alimwita mwizi mbele ya wateja. Tangu hapo jina lake halitajwi humu.

Kwa hiyo mbegu ipo. Saa moja kwa gari.

Nilimuuliza Gul kwa nini Chacha asiende. Gul akasema mimi ni mgeni kwa Wapakistani, mtu haendi kumwomba aliyemwita mwizi.

Nimemwendea Mzee Seif. Nilimkuta nje ya soko la wanawake, anambebea Bi Salma vifurushi. Shikamoo, marahaba, kisha nikamweleza yote. Alisikiliza hali kabeba kapu la malimau. Mwisho akasema, "Kesho Alhamisi, Sinaw soko la mbuzi. Mimi nataka mbuzi. Ukitaka kupanda gari langu, mimi sina habari nawe, khalas."

Bi Salma akaniuliza meza yangu nitauza nini. Nikamwambia hakuna mtaa tena, bibi. Akasema hilo si swali alilouliza. Nikafikiri. Nikasema vitumbua. Akasema kikaango chake cha vitumbua ni cha mama yake, kimetoka Ujiji, na nikikisugua kwa mchanga atanirudisha Pemba kwa miguu.

Habari zimekwisha fika kila mahali.

Alhamisi, 16 Januari

Naandika haraka. Kazi nyingi.

Tulifika Sinaw jua limechomoza. Mbuzi wanazungushwa katikati, wauzaji wanaita, wanunuzi wamekaa duara wanawashika mbuzi miguu. Mabibi wa Kibedui na barakoa zao usoni, wanabishana bei kuliko wanaume. Mzee Seif alipotea humo kwa furaha. Akanielekeza kwa kidole tu.

Mkahawa wa Javed uko nyuma ya soko. Mtu mnene, miaka arubaini, yuko mbele ya sufuria. Harufu ilikuwa ile ile. 

Nilimweleza. Alikuwa anakoroga, hakuniangalia. Nilipofika kwenye mchanga na ndimu mkono ukasimama.

Akaniuliza, "Amekutuma?"

Nikasema hapana.

"Anajua uko hapa?"

Hajui.

Akafunika sufuria. Akasema kama Chacha angenituma, angenirudisha mikono mitupu. Angemwambia aje mwenyewe, mbele ya wateja, kama alivyoitwa yeye mwizi mbele ya wateja. Miaka sita alikuwa anaisubiri siku hii na maneno yake ameyapanga. Sasa maneno hayana mtu.

Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakamata meza. Akasema, "Mimi niliiba, wewe ukaosha. Maskini mzee yule, sisi wawili tumemmaliza."

Nilidhani atanipa kopo. Badala yake aliwaambia wachungaji waliokuwa wanakula wamalize upesi, akafunga mlango, akatia mbegu kwenye sufuria ndogo, akaingia nayo garini. Mzee Seif alikuja na mbuzi wawili badala ya mmoja, akamkuta mtu mnene kiti cha mbele. Hakuuliza. Mimi nikapanda nyuma na mbuzi. Njia nzima Javed alipakata sufuria kama mtoto mchanga, na kila tuta alimkemea Mzee Seif kana kwamba gari ni lake.

Tulipofika Chacha alikuwa mlangoni kwenye benchi, anamenya vitunguu saumu. Alimwona. Hakusimama. Javed alishuka, akaweka sufuria miguuni pake, akarudi hatua mbili. Mimi sikushuka. Nilijificha nyuma ya mbuzi, nasema kweli.

Chacha alifunua. Akachovya kidole. Akaonja, akafumba macho muda mrefu. Gul aliacha mikate ikaungua.

Chacha akasema, "Chumvi nyingi."

Javed akasema, "Maji ya Sinaw."

"Maji hayana kosa. Ni mkono."

Kisha akajisogeza kwenye benchi, akagawa vile vitunguu saumu mafungu mawili, akasukuma fungu moja. Javed akakaa, akaanza kumenya.  Halafu nikasikia wanagombana juu ya kiasi cha tangawizi.

 Chacha aliponipita jikoni alinitazama, akaitazama mikono yangu, akaninyang'anya sponji akaiweka juu kabisa ya kabati. Sijui maana yake nini. Lakini Gul alicheka, na Chacha hakumkataza.

Nihari imekwisha injikwa. Wanalala nayo wawili.

Nimeroweka mchele wa vitumbua.

Ijumaa, 17 Januari

Siku kama hii sijapata tangu nitoke kwetu.

Baada ya sala ya alfajiri kichochoro kilikuwa tayari. Taa kwenye waya, mazulia ukutani, mvuke. Meza ya Gul mikate. Meza ya chai, ile yao ya rangi ya waridi yenye chumvi, ambayo kwangu mimi si chai. Meza ya halua na puri, kaja kuisimamia fundi cherehani wa jirani, kumbe kwao naye alikuwa wa puri. Kinyozi wetu kaleta ngoma, hana kinanda. Nihari mlangoni, Chacha na Javed bega kwa bega, mmoja anapakua, mwingine anatia tangawizi na pilipili mbichi na kumsahihisha.

Watu walijaa. Wafanyakazi wa ujenzi na bakuli zao, maana walisikia kwamba mwenye bakuli lake anajaziwa. Waomani na watoto. Mabibi wa Kiswahili, jamaa zake Bi Salma, wamevaa kama wanakwenda harusini.

Javed akapiga mwiko kwenye sufuria akatangaza sharti la uboho. Foleni ikatulia kwa woga. Wa kwanza alikuwa dereva wa lori, katoa beti kwa Kiurdu na machozi juu yake. Kapewa mfupa mkubwa. Baada ya hapo haikuzuilika. Kipashto, Kibangla, Kiarabu. Bedui mmoja aliimba kitu cha kumsifu ngamia wake, mpaka Chacha akamwomba afupishe, mchuzi unapoa. Mzee Seif alisimama, akaweka mkono kifuani, akatoa wimbo wa skuli ya Tabora wa kuhesabu mpaka kumi. Alisahau saba. Mabibi wakamkumbusha kwa sauti moja. Kapewa uboho, na mwanawe yule daktari alikuwa nyuma yake kwenye foleni, kanyamaza kimya.

Mimi mezani kwangu nilikuwa nakoroga mchele uliosagwa. Kikaango kilikuwa bado hakijaletwa. Nikasikia Bi Salma ananiita kutoka juu. Nikainua uso. Kikapu kinateremka kwa kamba ukutani, ndani kikaango cha Ujiji na chungu kitupu cha nihari. Chacha alikiona kile kikapu. Alishusha upawa wake chini. Akavuka kichochoro mwenyewe, akapokea chungu, akakijaza mpaka juu, akatia mifupa miwili bila kudai shairi, akavuta kamba mara mbili kama wanavyofanya kwao. Kikapu kikapanda. Alibaki anatazama juu hata kilipokwisha ingia dirishani.

Vitumbua vya mwanzo viliungua. Vya pili vilishika chini. Vya tatu vikatoka, mviringo, vinanukia iliki. Fundi wa puri alikula vitano akaniuliza siri. Nikamwambia kikaango hakisuguliwi. Mabibi walimaliza vilivyobaki, wakanigombeza sukari kidogo. Mmoja aliniuliza mimi mtoto wa nani. Nilimwambia wa Bi Mize wa Konde, akasema hamjui, lakini kalea mtoto mzuri. Maneno hayo nimeyabeba mpaka sasa.

Saa tatu sufuria ilikuwa inagusa chini. Watu bado kumi hivi. Chacha alifunga. Waliolalamika aliwaambia mtaani kwetu ndivyo ilivyo, mje kesho, na kesho hakuna.

Masalio akayagawa kwa upawa. Sehemu moja kwenye chombo cha Javed. Alikijaza kwa mkono wake mwenyewe, wala hakupima. Sehemu nyingine kwenye kisufuria cha shaba, ambacho bado kinang'aa kwa kazi yangu. Akafunga kitambaa. Kisha akaniita mbele ya wote, nikaenda.

Akanipa mimi. Akasema, "Wewe ndiye utakayeitunza. Wengine wote hapa wanaweza kusahau. Wewe huwezi tena."

Watu walicheka. Mimi sikuweza.

Jumamosi, 18 Januari

Javed kaondoka na basi dogo la asubuhi. Chacha alimfungia mikate ya njiani, wakaagana wakigombana chumvi. Atakuja Ijumaa ya mwisho ya mwezi ujao. Alivyosema yeye, kuja kuonja tu.

Kichochoro kimefagiliwa. Kimebaki kigae kimoja cha chungu na alama za mafuta ukutani. Meza yangu bado ipo pembeni ya ngazi. Hakuna aliyeniambia niiondoe.

Nimempigia Asha. Nilitaka kumweleza yote, nikamweleza vitumbua tu. Akasema choo kimefika usawa wa dirisha.

Watu wa baladia wamekuja kukagua, nyuso kavu na kalamu zao. Wakafungua friza. Mmoja akagusa kitambaa akauliza hiki nini. Nikamweleza kwa Kiarabu, kuanzia kwa babu. Akafunga friza kabla sijafika kwa baba.

Chacha kachora mtaa tena. Kaongeza mlango mmoja mwisho, mdogo, hakuuliza mtu. Kisha akakanda.

Mchana. Wote wamelala. Kiuno kinauma pale pale.

Nimeosha masufuria kumi na tisa. Kile kidogo nimekipita.